Amina ya Mzee Nissim

Murielle alishusha mlango wa chuma wa duka la vitambaa, akatia kufuli, akampa mama muuza mahindi wa pale nje mfuko wa vipande vya vitenge aliokuwa amemwahidi, kisha akaingia garini kuelekea mtaa wa Observatory. Agosti ilikuwa ukingoni. Upepo ulikuwa umeamka na kuzoa vumbi lote la majira ya baridi, na watu waliopanga foleni ya teksi walikuwa wamefunika midomo kwa kola za makoti yao. Safari hiyo aliifanya kila jioni tangu baba yake, mzee Nissim, azikwe baada ya Pasaka. Alikuwa anakwenda sinagogi kumsomea Kadishi.

Sinagogi lilikuwa nyumba ya zamani ya daktari wa meno, kwenye mteremko wa kilima. Siku za joto sakafu ilikuwa bado ikinuka dawa za kusukutulia. Sebule ndiyo iliyokuwa ukumbi wa wanaume. Kile chumba cha nyuma ambamo wagonjwa walikuwa wakingojea kung'olewa meno ndicho kilichokuwa cha wanawake, na kati ya vyumba hivyo palikuwa na pazia la zambarau. Murielle mwenyewe ndiye aliyelikata pazia hilo dukani na kulishona, baba yake akimsimamia na kumkumbusha asiache upenyo. Siku za kawaida alikaa humo peke yake.

Mtu anaweza kumwomba Mungu wake akiwa amejifungia chumbani, lakini Kadishi, sala ya wafiwa, haisomwi mpaka wawepo wanaume kumi wa kuijibu. Wanawake hawahesabiwi. Ndiyo ilikuwa sheria ya pale, na Murielle aliijua kama mtu anavyoijua ngazi ya nyumbani kwao, mguu unashuka bila jicho kutazama. Aliyepaswa kuisoma ni mtoto wa kiume. Mtoto wa kiume alikuwepo, Cédric, mdogo wake Murielle, lakini alikuwa akiishi Perth, Australia, na mazikoni alihudhuria kwa simu, picha ikakwama wakati wanatia udongo. Kwa hiyo Rabi Gedalia, kijana mpole mwenye ndevu ambazo hazijakolea, alimruhusu Murielle aisome nyuma ya pazia, kwa sauti ya kujisikia mwenyewe, alimradi wanaume kumi wawepo upande wa pili.

Jioni hiyo, ya kwanza ya mwezi wa Eluli, mwezi ambao Wayahudi hutengeneza mambo yao kabla ya Mwaka Mpya na Siku ya Upatanisho, wanaume walikuwa tisa. Wa kumi alikuwa amehamia Cape Town kwa mkwewe, na huku mtaani vijana walikuwa wameondoka zamani. Walisimama barazani wakitazama barabara. Mzee Haskel, msimamizi wa sinagogi, alikwisha kupiga simu kwa kila aliyemfahamu. Jua lilikuwa linazama na wakati wa sala unapita.

Aliyemwona kwanza ni Herménégilde, mlinzi wa geti, Mrundi wa Ruyigi. Mzee Nissim alikuwa anapanda kilima polepole, amevaa mavazi ya kitani cheupe aliyozikwa nayo, shali yake ya sala mabegani. Herménégilde alimpitishia kile kifaa cha kupekua silaha, kichwani mpaka miguuni, kama alivyoagizwa kumfanyia kila anayeingia. Kifaa hakikulia. Mavazi ya maziko ya Kiyahudi hayana mifuko.

"Karibu, mzee," alisema. "Wanakungoja."

Haskel ndiye aliyekuwa amemwosha na kumvika. Alikitazama kishada cha shali ambacho yeye mwenyewe alikikata kwa mkasi siku ya maziko, akaona bado kimekatwa.

"Nissim," alisema, "tuko tisa."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Rabi Gedalia alikuwa na wasiwasi. Alisema kwamba mtu akishakufa amri zote zimemwondokea, na asiyewajibika hawezi kuwakamilishia idadi wanaowajibika. Haskel akamwambia kwamba hapo barazani kuna watu hai ambao Amina yao haisikiki hata kwa jirani wa kiti, na huyu anajibu mpaka dirisha linatikisika. Rabi alitoka nje akampigia simu mwalimu wake, rabi mkubwa. Aliporudi alisema: mtu aliyekuja kwa miguu yake asifukuzwe, mpaka sikukuu zipite, kisha litaangaliwa upya.

"Na mimi?" aliuliza Murielle kutoka nyuma ya pazia.

Wanaume waligeuka. Walikuwa wamesahau kwamba yupo.

"Murielle," alisema rabi kwa upole, "wewe unaijua sheria."

Aliijua. Akasimama, akafungua kitabu chake cha sala, akaisoma Kadishi kwa sauti ile ile ndogo, na wanaume kumi wakamjibu. Baba yake, ambaye miaka yake ya mwisho alikuwa na masikio mazito, alijibu Amina ya juu kuliko wote, kwa Kadishi iliyokuwa inasomwa kwa ajili yake mwenyewe. Murielle alimwona mgongo kupitia kwenye mshono wa pazia. Alitarajia kwamba atalia. Badala yake kitu kilimpanda kifuani, kikali na chembamba, akakitambua kabla hakijafika kooni. Kilikuwa kijicho.

Miaka minne alikuwa amemwogesha mzee huyu. Alimkata kucha, alimsagia nyama, alimwimbia nyimbo za Lubumbashi walikotoka wote, pale usiku na mchana vilipomchanganyikia. Alifunga duka siku za wiki ili ampeleke hospitali. Na sasa mzee huyo alikuwa amekufa na amezikwa, na bado alihesabika kuliko yeye.

Kesho yake alipika bukari na sombe, ugali na kisamvu cha kwao, chakula ambacho baba yake alikuwa akikiomba hata pale alipokuwa amesahau jina la nchi aliyokuwemo. Aliandaa sahani mbili, akaacha mlango wa jikoni wazi. Mzee Nissim hakuja. Alikuwa amekwenda sinagogi, akajibu Amina zake, akaondoka zake. Murielle alikula sahani yake, halafu akala na ile ya pili, maana sombe hailali.

Siku zikaenda. Wanaume walimzoea marehemu, wakampenda kuliko walivyompenda alipokuwa hai. Walimpa heshima ya kufungua sanduku la Torati. Walimkalisha kiti cha mbele, karibu na kile kiti kitupu alichokuwa akikiweka kwa ajili ya Cédric tangu Cédric aondoke, ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Watu waliokuwa na udhuru kila jioni walianza kufika mapema wapate kumuuliza habari za huko. Mzee Nissim aliwajibu kwamba huko hakuna upepo.

Murielle alimfuata Herménégilde getini.

"Akitoka hapa anaelekea wapi?"

"Anashuka hivi, Mama, akifika kwenye kile kiduka cha spaza anakata kushoto. Anarudi kwake."

"Haniulizii?"

Herménégilde alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo ili mtu afurahi.

"Aliniuliza kama Jumapili kuna ndege zinazotoka Australia."

Kijiba cha roho kilimjaa Murielle.

"Mama yangu alizikwa Ruyigi, mimi nimekwama huku," alisema Herménégilde, akilifunga koti lake. "Yeye haji hata getini. Nikimwona mzee wako anapanda kilima, eish, nageuza uso. Nikimtazama sana naona nitamchukia."

Hapo ndipo Murielle alipojua kwamba si yeye peke yake.

Jioni iliyofuata alitoka kabla ya wanaume, akasimama njiani. Baba yake alipotokea alimsalimia kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi, lugha waliyoitumia nyumbani kila walipotaka mambo yasiwe makubwa.

"Baba, mbona huji nyumbani?"

"Nyumbani hamkosi mtu, mama," alisema mzee Nissim. Alimwita mama, kama alivyomwita tangu akiwa mtoto. "Huku wanakosa."

"Mimi ninakosa."

Mzee alimtazama kwa makini, kama anayetafuta ukubwa wa nguo.

"Cédric amefika?"

"Cédric yuko Perth. Mimi ndiye ninayekusomea Kadishi."

"Wewe?" alisema. "Nasikia sauti ndogo nyuma ya pazia. Nilidhani ni mtu aliyefiwa."

"Ni mtu aliyefiwa, Baba."

Mzee Nissim alitikisa kichwa taratibu, akaitengeneza shali yake, akasema kumekuwa giza. Akashuka, akafika kwenye spaza, akakata kushoto.

Siku kumi za kwanza za mwaka mpya ni siku za hukumu, kwa hiyo katika mwezi wa Eluli watu huombana msamaha mapema, ili Siku ya Upatanisho isiwakute na deni la mtu. Haskel aliwazungukia wote. Alimwomba msamaha rabi, alimwomba Herménégilde, alimwomba mzee Nissim, ambaye alimwambia kwamba hata kama lilikuwepo neno amelisahau. Mwishoni alikuja kwenye pazia, akalisogeza kwa kidole.

"Murielle, unisamehe kwa lolote nililokukosea bila kujua."

"Na lile unalolijua?"

Haskel aliivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Akasema hilo haliko mikononi mwake. Murielle alimwambia kwamba yale ya kutojua amemsamehe.

Cédric alisikia habari za baba yake kwa watu. Alipiga simu kulaumu kwamba si dada yake aliyemwambia. Alisema atakuja, lakini kwa siku chache tu, maana Mwaka Mpya wenyewe ni lazima awe kwa wakwe zake huko Perth. Akafika na sanduku dogo na suti ambayo ilikuwa haijakunjika, na jioni ile ile akaingia sinagogi.

Murielle aliona yote kwa upenyo wa mshono. Aliona Cédric akisema, "Baba." Aliona mzee Nissim akiinuka, akimshika uso kwa viganja vyote viwili, akimpapasa nyusi, masikio, kidevu. Viganja hivyo alikuwa anavijua. Kucha zile alizikata yeye siku moja kabla hajafa. Alizibana ncha za pazia kwa vidole mpaka uzi mmoja ukakatika.

Kisha Haskel akahesabu, akaona kwamba walio hai ni kumi.

Rabi Gedalia alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alimwendea mzee Nissim akamweleza kwa heshima zote kwamba palipo na hai kumi si vizuri kumtegemea marehemu, kwamba wanamshukuru sana, na kwamba anaweza kupumzika. Cédric alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chake kilichowekwa. Kile cha baba yake, mtu mwingine aliweka koti. Mzee Nissim alisimama katikati ya sebule, akatazama huku na huku. Halafu akatoka barazani, akazunguka nyumba kwa nje, akapita kwenye mapipa ya taka, akaingia kwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye benchi karibu na binti yake.

Murielle alimsogezea nafasi. Akampa peremende. Mzee aliipokea, akaishika tu.

Upande wa pili Cédric alikuwa anaisoma Kadishi. Hakuwa ameisoma tangu ujana, akawa anakwama katikati ya maneno.

"Anasema nini?" aliuliza mzee Nissim. "Sisikii."

"Ndivyo kunavyosikika huku, Baba."

"Siku zote?"

"Tangu nikiwa msichana."

Mzee alitega sikio tena. Cédric alikwama pale pale kwa mara ya pili, na Murielle, bila kupanga, akalitamka lile neno kwa sauti ya kawaida. Cédric akalidaka, akaendelea. Aliposimama tena, Murielle akampa na la pili. Hivyo ndivyo walivyofika mwisho. Wanaume wakajibu, wakamshika Cédric mkono mmoja mmoja, wakamwambia ana moyo, kusafiri mbali kiasi hicho kwa ajili ya baba yake. Rabi alisogeza pazia kidogo akasema, "Asante kwa kumsaidia."

Zilifuata jioni ambazo Murielle hakuwahi kuwa na nyingine kama hizo. Baba yake alikuja kila siku kabla ya jua kuzama, akapitia nyuma bila kuambiwa. Walikaa benchi moja. Alimuuliza kama duka linakwenda, kama bado wanauza vile vitambaa vya maua makubwa ambavyo yeye alivikataa. Murielle alisema ndivyo vinavyouzika kuliko vyote. Mzee akacheka. Akamkumbusha siku aliyopotea sokoni Lubumbashi akiwa mdogo na kukutwa amelala juu ya majora ya vitenge. Hakumtaja Cédric hata mara moja. Murielle aligundua kwamba sasa anaendesha gari polepole jioni, akiionja njia, na kwamba akisikia wanaume wakimsifu mdogo wake haumii sana. Kijicho hakikuisha, lakini kilikuwa kimepata chakula kikatulia.

Cédric aliondoka siku mbili kabla ya Mwaka Mpya. Kwenye uwanja wa ndege alimkumbatia dada yake, akasema, "Sasa Baba ametulia. Nilikuwa na hofu kwamba sitawahi kumfanyia kitu." Murielle alimwambia asafiri salama. Aliona kwamba Cédric analia kweli, na kwamba hajui baba yao alikuwa akikaa wapi jioni zote hizo.

Jioni ile wanaume walikuwa tisa.

Walingoja mpaka mwanga ukaanza kupungua. Kesho yake jioni, Mwaka Mpya ukiingia jua likizama, sinagogi lingejaa, maana siku hiyo hata wasiosali huja, wakiwa na watoto na suti mpya. Lakini mwaka ulikuwa haujaisha, na hii ilikuwa sala ya jioni ya mwisho ndani yake. Haskel alikuja kwenye pazia.

"Nissim, tuko tisa."

"Nimekaa na binti yangu," alisema mzee Nissim.

"Nyuma ya pazia siwezi kukuhesabu."

"Najua. Na yeye je, akija huko mbele?"

Haskel alimgeukia rabi. Rabi Gedalia alikuwa amesimama na kitabu mkononi, kidole kimeshika ukurasa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetamani kuwa mahali pengine. Alisema hilo hawezi. Alisema kama ingekuwa ni yeye tu, lakini si yeye tu.

"Basi tusali bila Kadishi," alisema Haskel. "Itakuwa mara ya kwanza mwaka huu."

Pazia likarudi mahali pake. Murielle alimtazama baba yake pembeni. Mzee alikuwa ameweka mikono magotini, ametulia, ni wake, hakuna aliyekuwa anamgombea. Kitu alichokililia kwa roho yote mwezi mzima, na pengine maisha yote, kilikuwa kimekaa kwenye benchi la wagonjwa kikinusa peremende. Angeweza kumweka hapo. Hakuna sheria iliyomkataza mtu kumwacha marehemu wake akae. Ila aliyekufa angebaki hajasomewa, na aliyefiwa angebaki amenyamaza, na mwaka ungefungwa hivyo.

"Nenda, Baba," alisema.

"Hutaki nikae?"

"Nataka. Nenda."

"Nikienda huko ndiko nitakakokuwa," alisema mzee Nissim. "Siwezi kukaa pande mbili, mama."

"Najua."

Mzee alimrudishia peremende yake. Alimshika uso, kwa kiganja kimoja, kilichokuwa baridi na kikavu kama kitani, akamgusa nyusi. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma. Murielle alizisikia nyayo zake kwenye changarawe, zikapita mapipa, zikapanda baraza. Alisikia kiti kikivutwa. Alimsikia Haskel akihesabu kwa sauti ya chini, akafika mwisho, akaridhika.

Walipofika mahali pa Kadishi, rabi alinyamaza ili kumpa Murielle nafasi ya kuisoma kwa sauti yake ndogo. Murielle alisimama. Wivu ulikuwa pale pale alipouacha, wala hakuungoja uondoke. Akaivuta pumzi mpaka tumboni, akaisoma kwa sauti yake yote, ile aliyokuwa akiitumia dukani kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Neno la kwanza liligonga dirisha. Kule getini Herménégilde aligeuka, akavua kofia. Sebuleni mtu mmoja alikohoa na mwingine akaangusha kitabu, lakini Murielle alikuwa amekwisha kufika sentensi ya pili, na ni sala ambayo ikianza lazima ijibiwe.

Amina ya kwanza ilikuwa ya baba yake. Nyingine zikaifuata, moja moja, kwa kusitasita, halafu zote pamoja. Alisoma mpaka mwisho bila kushusha sauti hata mahali pamoja, akasogea nyuma hatua kama inavyotakiwa, akainama kushoto, akainama kulia, mbele ya pazia la zambarau.

Sala ilipokwisha, Haskel alifunga kitabu, akazima taa ya mbele, akawatakia watu mwaka mwema. Kisha akawashukuru wanaume kumi kwa kufika.